Mbuzi Ametupa Mimba: Damu Yake Itakuambia Nini?

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wafugaji wa Osiri ni hili: "Daktari, ukimtoa huyu mbuzi damu, utajua anaumwa nini?" Mimi si daktari. Ni msaidizi wa afya ya mifugo, ila huku kila abebaye bomba la sindano huitwa daktari. Jibu langu huwa si ndiyo wala la. Damu inaweza kusema mengi, lakini hujibu tu swali iliyoulizwa. Na mara nyingine jibu lake huhitaji kusomwa pamoja na mambo ambayo hayamo kwenye chupa.

Nawaandikia wasomaji wa Pwani kutoka huku ziwani kwa sababu mbuzi wa Ganze, Kinango au Magarini haumwi tofauti na mbuzi wa Nyatike. Osiri iko kaunti ya Migori, katika eneo linalojulikana zaidi kwa machimbo ya dhahabu kuliko mifugo. Ukifuata barabara ya ufuoni kutoka Sori unaingia kaunti ya Homa Bay, na kote njiani utaona mbuzi na kondoo wamefungwa kamba kando ya vibanda, wakila vichaka vya michongoma. Mchimba dhahabu akipata pesa hununua mbuzi. Mvuvi akikosa samaki huuza mbuzi. Mbuzi ndiye akiba. Mjaluo humwita diel, na kondoo humwita rombo, na wote wawili ndio benki ya mtu asiye na akaunti. Wewe msomaji wa Kilifi unaijua benki hiyo.

Ndiyo maana kipimo cha damu kilichosomwa vibaya si jambo dogo. Kinaweza kumfanya mtu achinje mbuzi mzima, au amwache mgonjwa zizini, au amuuzie jirani yake ugonjwa. Katika makala hii nitaeleza vipimo vya damu vya magonjwa ya bakteria kwa mbuzi na kondoo: vinafanyaje kazi, vinafaa lini, na mfugaji adai nini anapoambiwa "tumepima".

Kipimo kinatafuta nini ndani ya damu

Wengi hudhani maabara hutazama damu kwa darubini na kumwona mdudu. Kwa magonjwa machache ni hivyo. Lakini vipimo vingi vya damu vya bakteria havimtafuti mdudu mwenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wa mnyama uliwatengeneza baada ya kukutana na bakteria fulani.

Kutokana na hilo, mfugaji akumbuke mambo matatu.

Kwanza, kingamwili huchelewa. Mbuzi aliyeambukizwa juzi anaweza kuwa na bakteria mwilini na damu yake ikasema hana kitu.

Pili, kingamwili hukaa. Mnyama anaweza kubaki na kingamwili muda mrefu, iwe ugonjwa unaendelea au aliwahi kukutana nao tu. Mtoto wa mbuzi naye hupata kingamwili kutoka kwa mama kupitia dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Kwa hiyo mwanambuzi wa miezi miwili akionyesha chanya, huenda unasoma damu ya mama yake.

Tatu, kingamwili wa bakteria mmoja wanaweza kufanana na wa mwingine. Bakteria wa brusela, kwa mfano, wana ngozi inayofanana na ya aina moja ya bakteria waitwao Yersinia. Mnyama aliyekutana na Yersinia anaweza kuonekana kana kwamba ana brusela.

Usiamini basi mtu anayekuambia amepima damu na "hakuna ugonjwa". Muulize: umepima ugonjwa gani? Kila kipimo kina ugonjwa wake.

Brusela, ugonjwa ulioanikwa na damu ya mbuzi

Ugonjwa unaotufanya tupime damu ya mbuzi na kondoo zaidi ya mingine ni brusela. Mbuzi jike hutupa mimba, mara nyingi miezi ya mwisho. Kondo la nyuma huweza kubaki ndani. Beberu huweza kuvimba korodani, na baadhi ya wanyama huweza kuvimba magoti. Lakini wanyama wengi wenye brusela hawaonyeshi chochote. Wanakula, wananenepa, wanatoa maziwa, na bakteria wanatoka pamoja na maziwa hayo.

Hili lilijulikana kwa njia ya damu. Katika kisiwa cha Malta, zama za utawala wa Uingereza, wanajeshi walikuwa wakiugua homa ya muda mrefu isiyoeleweka. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alitangaza kuwa amewapata bakteria kwenye wengu za waliokufa. Jina la brusela linatokana na jina lake. Mwaka 1897 kikapatikana kipimo cha damu: unachanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na bakteria, na wakishikamana na kuwa vidonge vidonge, kingamwili wapo. Hata hivyo hakuna aliyejua homa inatoka wapi. Mwaka 1905 tabibu wa Malta, Themistocles Zammit, akapima damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa, na damu ya baadhi yao ikashikamanisha bakteria. Baadaye bakteria wakapatikana kwenye maziwa. Mwaka 1906 wanajeshi wakaachishwa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa ikapungua sana kambini.

Nakitumia kisa hiki kila ninapokutana na mfugaji anayesema, "Huyu mbuzi wangu hana ugonjwa, mtazame alivyo." Mbuzi wa Malta nao walikuwa hivyo hivyo.

Bakteria anayependa mbuzi na kondoo anaitwa Brucella melitensis, na ndiye mkali zaidi kwa binadamu katika jamii yake. Hapa Kenya brusela imewekwa miongoni mwa magonjwa matano ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu, pamoja na kimeta, kichaa cha mbwa, homa ya Bonde la Ufa na malale. Serikali ina mkakati wa kitaifa wa kuidhibiti kwa watu na mifugo, wa kuanzia mwaka 2021 hadi 2040.

Kipimo cha waridi

Kipimo cha kwanza cha brusela kinaitwa Rose Bengal. Jina linatokana na rangi ya waridi inayotumika kuwapaka bakteria wa brusela waliokwisha kuuawa. Hakihitaji mashine kubwa. Unaweka tone la majimaji ya damu kwenye kibao cheupe, unaweka tone la dawa ya waridi kando yake, unachanganya, kisha unakitikisa kibao taratibu kwa dakika 4. Mchanganyiko ukibaki laini kama sharubati, jibu ni hasi. Ukifanya chembechembe kama maziwa yaliyokatika, jibu ni chanya.

Jambo moja linalosahauliwa ni kwamba kipimo hiki kilizoeleka zaidi kwa ng'ombe, ambapo tone la damu na tone la dawa huwa sawa. Kwa mbuzi na kondoo inapendekezwa majimaji ya damu yawe mara tatu ya dawa, kwa mfano maikrolita 75 kwa 25. Ukipima mbuzi kwa kiasi cha ng'ombe, baadhi ya wagonjwa watakuponyoka. Mfugaji ana haki ya kuuliza: "Mmetumia kiasi cha mbuzi au cha ng'ombe?" Huenda ukaonekana msumbufu, lakini uliza.

Jingine ni kwamba kipimo cha maziwa kinachotumika kwa ng'ombe, kile cha kutazama duara la rangi juu ya maziwa, hakitegemewi kwa mbuzi na kondoo. Kwao inabaki damu.

Baada ya Rose Bengal kuonyesha chanya, hufuata kipimo cha pili cha kuthibitisha. Vinavyojulikana ni ELISA, kinachofanywa kwenye sahani yenye vishimo vidogo na kusomwa kwa mashine, na kipimo cha komplementi, ambacho ni cha zamani, kigumu, na huhitaji fundi mzoefu. Hivi ni vya maabara kubwa. Huku kwetu sampuli huweza kwenda maabara ya uchunguzi wa mifugo ya Kericho. Ninyi wa Pwani mnayo ya Mariakani. Maabara kuu ya taifa iko Kabete.

Wenye kondoo dume wajue kwamba kuna brusela nyingine ya kondoo, Brucella ovis, inayovimbisha korodani. Rose Bengal haiioni kabisa. Ina kipimo chake.

Kwa nini jibu moja halitoshi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, hata wasomi. Nitatumia hesabu ya mfano, si takwimu za mahali popote.

Chukua kijiji chenye mbuzi 1,000, na wenye brusela kweli ni 10 tu. Una kipimo kizuri: kati ya wagonjwa 10 kinawakamata 9, na kati ya wazima 100 kinakosea 3 tu. Ukiwapima wote, utapata wagonjwa 9. Lakini wazima ni 990, na makosa 3 kwa kila 100 ni karibu mbuzi 30. Jumla ya chanya ni 39, na wagonjwa wa kweli ni 9. Ukichinja wote 39, umechinja mbuzi 30 wazima. Kipimo si kibovu. Ugonjwa ndio haba.

Sasa chukua zizi moja lenye mbuzi 50, ambapo majike kadhaa yametupa mimba na wagonjwa wa kweli ni 10. Kipimo kile kile kitakamata 9, na kati ya wazima 40 kitakosea kwa mmoja hivi. Chanya ni 10, na 9 ni za kweli. Hapo unaweza kuliamini jibu zaidi.

Kipimo ni kile kile na dawa ni ile ile, lakini chanya ya pale si sawa na chanya ya hapa. Tofauti inatokana na habari za zizi: wangapi wametupa mimba, wana umri gani, wamenunuliwa wapi, wamewahi kuchanjwa au la. Chanjo ya brusela ya mbuzi na kondoo, iitwayo Rev.1, nayo huacha kingamwili, na kipimo hakiwezi kuwatofautisha na wa ugonjwa. Fundi anayechukua damu bila kuuliza lolote kuhusu zizi amechukua nusu ya sampuli.

Ndiyo maana napendekeza tupime kundi, si mbuzi mmoja. Mbuzi mmoja aliyetupa mimba jana anaweza kuonyesha hasi kwa sababu kingamwili wake bado hawajapanda. Akipimwa tena baada ya wiki tatu, jibu huweza kugeuka. Ukipima yeye pamoja na wenzake kumi, kundi litakuambia ukweli mapema zaidi.

Tusisahau pia kwamba si kila mimba iliyotupwa ni brusela. Homa ya Bonde la Ufa hutupisha mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, kama watu wa Tana River na Kilifi walivyoona mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007. Hiyo ni virusi, na kipimo chake ni kingine. Kuna homa ya Q, kuna klamidia, kuna toksoplazma inayoletwa na paka, na kuna teke na njaa. Hasi ya brusela haifungi uchunguzi. Inakuambia uendelee kutafuta.

Homa ya mapafu, ugonjwa uliotambuliwa Kenya

Ugonjwa wa pili wa bakteria unaoulizwa sana ni homa ya mapafu ya kuambukiza ya mbuzi. Mbuzi anakohoa, anapumua kwa shida, shingo ameinyoosha, pua zinatiririka, na kundi linaweza kuisha kwa wiki chache. Ugonjwa wenyewe ulijulikana tangu karne ya 19, lakini bakteria wake halisi, aina ya mikoplazma isiyo na ukuta wa seli, alitengwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1976. Kwa miaka mingi wanasayansi walimwita F38.

Kenya pia ndiko kilikotengenezwa kipimo rahisi cha lateksi, ambacho mtu anaweza kukifanya zizini kwa tone la damu na kuona chembechembe zikishikamana. Maabara kubwa hutumia ELISA ya ushindani.

Lakini ugonjwa huu una haraka. Mbuzi aliyeshikwa sana anaweza kufa kabla kingamwili hawajaonekana kwenye damu. Ukipima wanaokufa, unaweza kupata hasi na ukadanganyika. Pima wale waliougua wakapona, au wanaokohoa kwa zaidi ya wiki, ndio damu yao inasema. Kwa aliyekufa, sampuli bora si damu bali kipande cha pafu na majimaji ya kifuani, vikipelekwa kwenye baridi upesi. Na sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ni virusi, inaweza kufanana nayo kwa kikohozi na makamasi. Mtu akichanganya haya mawili atachanja chanjo isiyo yake.

Kimeta: hapa weka kisu chini

Kuna wakati ambapo mfugaji hatakiwi kutoa damu kabisa. Mbuzi au kondoo akifa ghafla, akatokwa na damu isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, na mwili usikakamae kama kawaida, dhania kimeta. Usimchune. Usimpasue. Usimle. Bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hujifunika na kuwa mbegu zinazokaa ardhini miaka na miaka.

Kipimo cha kingamwili hakifai hapa, maana mnyama hufa kabla ya kuwatengeneza. Mtaalamu huchukua damu kidogo sana kwenye ncha ya sikio, akaipaka kwenye kioo, akaitia rangi, na kumtafuta bakteria mwenyewe kwa darubini. Hiki ni kati ya vipimo vichache ambapo kweli tunamwona mdudu. Kazi yako wewe ni kuzuia mbwa na watoto wasifike, na kupiga simu.

Sampuli ikiharibika, jibu limeharibika

Maabara bora haiwezi kuokoa damu iliyochukuliwa vibaya. Haya ndiyo ninayoyazingatia:

1. Damu ya vipimo vya kingamwili huwekwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, mara nyingi ile ya kifuniko chekundu. Ya zambarau ina dawa hiyo na ni ya kazi nyingine.

2. Damu huchukuliwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Mililita 5 zinatosha. Kondoo utenganishe manyoya kwanza. Kila mnyama na sindano yake, maana sindano moja kwa wote ni kugawa magonjwa.

3. Iache kivulini, chupa imeinamishwa, saa kadhaa hadi igande na majimaji ya rangi ya manjano yajitenge. Kisha uyamimine kwenye chupa safi. Usiitikise.

4. Usiigandishe kwenye friji kabla ya kutenga majimaji. Seli zikipasuka majimaji huwa mekundu na kipimo hakisomeki. Jua la boda boda nalo huiharibu vivyo hivyo. Tumia kisanduku cha barafu.

5. Andika namba ya mnyama, umri, jinsia, tarehe, na kama ametupa mimba au kuchanjwa. Chupa kumi zisizo na majina ni sawa na chupa tupu.

6. Vaa glavu. Brusela huambukiza kupitia mikwaruzo ya ngozi, macho na pumzi.

Anayekuja kupima awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Muombe cheti. Anayekasirika kwa kuombwa cheti amekujibu tayari.

Homa ya watu

Katika hospitali na zahanati nyingi nchini, mtu akienda na homa, maumivu ya viungo na jasho la usiku, hupimwa malaria, taifodi na "brusela". Huku ziwani, ambako malaria ni nyingi, homa yoyote huitwa midekre, na mgonjwa humeza dawa za malaria mara tatu kabla ya mtu kumuuliza kama anakunywa maziwa mabichi.

Upande wa pili nao una tatizo. Kipimo cha haraka kilichozoeleka kwa watu, kile cha kushikamanisha bakteria kwenye kibao, kilichunguzwa katika hospitali za Busia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kilionyesha chanya kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano. Rose Bengal ilionyesha takriban mmoja kati ya mia. Watu wengi waliambiwa wana brusela ilhali hawana, na dawa za brusela si panadol: ni dawa mbili pamoja, kwa wiki 6, mara nyingi doksisaiklini ikiwa mojawapo. Aliyemezeshwa hizo bure, homa yake ya kweli ilibaki bila tiba.

Hapa ndipo mbuzi na mtu wanakutana. Mganga wa zahanati akijua kwamba zizi la mgonjwa limetupa mimba, chanya yake inakuwa na uzito. Nami nikijua kwamba mwenye zizi ana homa isiyoisha, napima kundi lake kwanza. Ni ile hesabu ya mbuzi 50 na mbuzi 1,000, ila sasa ni watu. Habari hizi zinapaswa kupitishwa kwa simu kati ya ofisi mbili ambazo mara nyingi ziko mtaa mmoja.

Jibu likiwa chanya

Mama mmoja wa kikundi cha akina mama huku aliniuliza swali ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha maabara. Mbuzi wake wawili walikuwa wamethibitishwa, kipimo cha kwanza na cha pili. Akasema, "Daktari, siku ya soko ni kesho. Nikiwauza wakiwa hai, karo ya mtoto imepatikana. Nikiwachinja, nani atanilipa?"

Nilimweleza ninachoamini. Mbuzi mwenye brusela hatibiwi kwa kutegemewa. Sindano za antibayotiki hupunguza dalili lakini hazimhakikishii mtu kwamba bakteria wameisha. Kumuuza akiwa hai ni kumhamishia mama mwingine ugonjwa, na yule mama ana watoto wanaokunywa chai ya maziwa. Kuchinjwa chini ya mkaguzi wa nyama, kwa mikono yenye glavu, kiwele na mfuko wa uzazi vikitupwa na nyama ikipikwa ikaiva vizuri, kunamwezesha kupata pesa za nyama. Ni pungufu ya bei ya mbuzi hai, lakini si sifuri. Alichinja.

Lakini swali lake halijaisha. Mfugaji anayechinja mbuzi wake ili kulinda wengine anabeba gharama ya kijiji kizima peke yake. Tukitaka watu wapime, ni lazima kupima kusiwe adhabu. Maoni yangu ni kwamba kaunti, za huku na za Pwani, zinapogawa mbuzi wa miradi kwa vikundi, zitenge wachache wa kuwafidia waliochinja baada ya kuthibitishwa. Na mbuzi hao wa mradi wapimwe damu kabla ya kugawiwa. Beberu mmoja mgonjwa akiletwa kwa sherehe na hotuba anatosha kuingiza ugonjwa kwenye kijiji ambacho hakikuwa nao.

Wakati tukisubiri hayo, mambo haya hayahitaji maabara wala bajeti. Chemsha maziwa hadi yafure, hata ya mbuzi wako mwenyewe unayempenda. Kijusi na kondo la nyuma usivishike kwa mikono mitupu wala usiwatupie mbwa. Vichome, au uvifukie kwa kina pamoja na chokaa. Jike aliyetupa mimba mtenge na wenzake. Mbuzi mgeni akae kando kabla ya kuingia zizini, na kama uwezo upo, apimwe huko huko kando. Safirisha mifugo kwa kibali. Kina mama wajawazito wasisaidie mbuzi kuzaa.

Na siku fundi atakapokuja na chupa zake, kabla hajashika shingo ya mbuzi, muulize maswali manne: unapima ugonjwa gani, kwa kipimo gani, utathibitisha wapi, na nitapata jibu lini kwa maandishi? Akiyajibu yote, mshikie mbuzi.